Kwa Mheshimiwa Meya wa Atlanta: Shukrani Nyingi na Ombi Moja Dogo

Kwa Mheshimiwa Andre Dickens,
Meya wa 61 wa Jiji la Atlanta,
Jimbo la Georgia, Marekani.

YAH: SHUKRANI, NA OMBI MOJA DOGO

Mheshimiwa Meya,

Shikamoo. Nimekuzidi umri, na kwa desturi ya kwetu wewe ndiye ungeanza kuniamkia. Lakini cheo nacho kina umri wake, na ofisi uliyokalia ilikuwepo kabla ya babu yangu kuzaliwa. Kwa hiyo naiamkia ofisi kwanza, kisha nakusalimu wewe uliyemo ndani yake. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Wasaidizi wako, karani wa jiji, wanasheria wa jiji na walinzi wa mlangoni, wote hawajambo? Sisi huku Clarkston tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Najitambulisha, kwa kuwa huna sababu ya kunijua. Nimezaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, nikaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na leo ni raia wa Marekani na mkazi wa kaunti ya DeKalb, mashariki ya jiji lako. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili kwa wagonjwa na wazazi wa wanafunzi. Mimi si mpiga kura wako, Mheshimiwa. Nalitamka hilo mapema ili msaidizi atakayeifungua barua hii aweze kuiweka kando bila kujilaumu, maana sina kura ya kukupa wala ya kukunyima. Ila kile kituo cha mafunzo ya polisi ambacho wapinzani wake wanakiita Cop City hakimo ndani ya mipaka ya jiji lako. Kimejengwa kwetu DeKalb, kwenye ekari 85 za ardhi ambayo Atlanta inaimiliki nje ya Atlanta. Tumekuwa majirani, basi. Na jirani, hata asiye na haki ya kupiga kura, ana haki ya kubisha hodi.

Hodi, Mheshimiwa.

Aliyelelewa vizuri haombi kabla ya kushukuru. Nakushukuru kwanza kwa masikio ya Baraza la Jiji. Septemba 2021, ulipokuwa bado diwani, wananchi walipiga simu kutoa maoni yao juu ya pendekezo la kuipangisha ardhi ile kwa shirika la Atlanta Police Foundation. Simu zile zilirekodiwa, zikachezwa barazani moja baada ya nyingine kwa muda wa saa 17. Wengi wa waliopiga walisema hapana. Baraza lilivumilia hadi simu ya mwisho, ndipo likapiga kura: 10 wakakubali, 4 wakakataa. Kura yako ilikuwa miongoni mwa zile 10.

Juni 2023, ukiwa sasa Meya, tulisikilizwa tena. Watu zaidi ya 350 walijiandikisha kusema, na foleni ikajaa ukumbi wa chini wa jengo la jiji. Kila mmoja alipangiwa dakika mbili. Mbele yangu alikuwepo mama aliyeandika maneno yake nyuma ya risiti ya dukani, akawa anayasoma kwa sauti ya chini huku akitazama saa ya simu. Yalipozidi dakika mbili alifuta sentensi, akaanza upya. Ilipofika zamu yake risiti ile ilikuwa na mistari mitatu tu iliyosalia. Aliisoma, akashukuru, akaketi. Maoni yalichukua zaidi ya saa 14, usiku ukapita, na alfajiri ya tarehe 6 Baraza likapiga kura: 11 wakakubali, 4 wakakataa. Likatoa dola milioni 31 za ujenzi, pamoja na dola milioni 1.2 kila mwaka kwa miaka 30 za kukikodi kituo hicho kutoka kwa Foundation ile ile. Jumla yake ni dola milioni 67. Mwanzoni wananchi walikuwa wameambiwa kwamba mzigo wa umma ungekuwa dola milioni 30.

Mimi nimetoka mahali ambapo mtu anayesimama mbele ya wakubwa akawaambia hapana, kisha akarudi nyumbani akalala usingizi, anahesabiwa kuwa amebahatika. Kwa hiyo ninaposema asante kwa saa zile 17 na zile 14, naisema kwa moyo mweupe. Sikuona polisi akimvuta mama yule kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyemzomea. Alisikilizwa kwa adabu kamili. Ila kwa unyenyekevu wangu wote naomba nikuulize, Mheshimiwa: baada ya kusikilizwa mara ya kwanza tulipata 10 kwa 4. Baada ya kusikilizwa mara ya pili, usiku kucha, tukapata 11 kwa 4. Je, tungekuja mara ya tatu?

Tulikuja, kwa kweli, lakini safari hiyo tulikuja na karatasi. Hapo ndipo inapoanzia shukrani yangu ya pili, kwa uangalifu wa ofisi ya karani. Sheria inawaruhusu wananchi kuomba kura ya maoni wakikusanya saini za asilimia 15 ya wapiga kura walioandikishwa katika uchaguzi wa jiji uliotangulia. Kwa Atlanta zilihitajika saini zipatazo 58,000, na siku za kuzikusanya ni 60. Fomu ya ombi ilipopelekwa, karani aliirudisha ikarekebishwe. Wananchi wakarekebisha, ikapelekwa upya, na tarehe 21 Juni 2023 ikapitishwa. Siku zikaanza kwenda. Chini ya kila karatasi kulikuwa na nafasi ya mkusanyaji kuthibitisha kwamba ameshuhudia saini zile zikitiwa, na mkusanyaji huyo alitakiwa awe mkazi wa Atlanta. Sisi majirani wa DeKalb, tunaoishi upande kilipo kituo, hatukuruhusiwa hata kuishika ile kalamu ya kushuhudia.

Wakazi wanne wa DeKalb walikwenda mahakama ya shirikisho. Tarehe 27 Julai Jaji Mark Cohen akaamua kwamba na sisi tunaweza kukusanya, na kwamba siku 60 zihesabiwe upya bila kuzitupa saini zilizokwisha kupatikana. Ndipo nami nikachukua kibao cha kubania karatasi na kalamu mbili, nikaenda kusimama nje ya kituo cha treni cha Five Points.

Wapo walionikatalia. Walisema uhalifu umewachosha, kwamba polisi wanahitaji mahali pazuri pa kujifunzia, na kwamba majengo waliyokuwa wakiyatumia yalikuwa yamechakaa. Niliwashukuru na kuwatakia safari njema, kwa kuwa kura ya maoni ingekuwa yao pia. Wangekuja kusema ndiyo yao, na pengine wangeshinda. Wapo waliosaini bila hata kunitazama usoni. Lakini yupo mzee mmoja aliyevaa kofia ya dereva wa basi ambaye simsahau. Alikibeba kibao changu hadi kwenye ukuta, akakiegemeza vizuri, akaandika jina lake herufi kwa herufi, kisha akasita kwenye anwani. Akaniuliza kama SW inatosha au aandike Southwest kwa kirefu. Nikamwambia nadhani inatosha. Akafikiri, halafu akaandika kwa kirefu, herufi zikibanana hadi ukingoni mwa karatasi. Hakutaka, alisema, waikatae kwa jambo dogo. Alikuwa amesikia kwamba jiji litalinganisha saini moja moja na zile zilizo kwenye kumbukumbu, na katika jimbo hili watu wa rika lake wanajua jinsi jina la mtu linavyoweza kuondolewa kwa sababu ya nukta. Baada ya hapo aliisaini kama anavyosaini kwenye leseni, polepole, akanirudishia kalamu.

Mheshimiwa, wewe ni mwana wa Adamsville, Southwest kabisa. Pengine mzee yule alikuona ukikua.

Shukrani ya tatu ni ya kuyapokea maboksi. Tarehe 1 Septemba mahakama ya rufaa ilikuwa imeisimamisha amri ya Jaji Cohen kwa ombi la wanasheria wako. Tarehe 11 Septemba wananchi wakafika kwenye jengo la jiji wakiwa na maboksi yao, na kwa maelezo yao yalikuwa na saini zaidi ya 116,000. Ni karibu mara mbili ya zilizohitajika, na ni nyingi kuliko kura zilizopigwa na wananchi wote mwaka 2021 walipokuwa wakimchagua Meya. Ofisi ya karani iliyapokea maboksi, ikayaweka mahali salama, na ikaeleza kwamba kwa jinsi kesi ilivyo mahakamani haina mamlaka ya kuanza kuyahakiki. Wanasheria wako wakaieleza mahakama kwamba ombi lote ni batili tangu mwanzo, kwa kuwa mkataba ulikwisha kusainiwa na kura ya wananchi haiwezi kuufuta. Walikuwa na hoja zao, na mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba Februari ya mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Georgia ilikubali kwamba wananchi wa kaunti ya Camden walikuwa na haki ya kukusanya saini na kupiga kura kuukataa mradi wa kurushia roketi. Wanasheria wako walisema ile ni kaunti, hili ni jiji. Nakubali kwamba hili ni jiji.

Nakushukuru kwa sababu hamkuyarudisha maboksi. Hamkuyachoma. Kwingine yangechomwa. Mlifanya zaidi ya kuyahifadhi: mlitoa kila karatasi ndani ya boksi, mkaipitisha kwenye mashine, mkaipiga picha, mkaiweka kwenye tovuti ya jiji ili mtu yeyote duniani aisome. Majina yapo. Anwani zipo. Southwest ya yule mzee, iliyobanana ukingoni, ipo. Nimezitazama kurasa zile jioni nyingi na naweza kukuhakikishia kwamba zinasomeka vizuri. Mfanyakazi aliyezipitisha kwenye mashine aligusa kila moja kwa mkono wake. Kazi ile ingeweza kuambatana na kalamu na daftari, na asubuhi moja ungeletewa namba mezani. Haikuambatana. Jiji lilimwonyesha kila mtu ni nani aliyesaini, ila halikumwambia yeyote ni wangapi.

Najua nitajibiwa kwamba kuhesabu ni kitu kimoja na kuhakiki ni kingine. Ni kweli. Katika saini 116,000 zitakuwamo za watu wasiokaa Atlanta, za watu wasioandikishwa, za watu waliosaini mara mbili kwa furaha. Pengine baada ya kuhakiki zingebaki 90,000. Pengine 60,000. Pengine 57,000, na sisi tungeshindwa kwa haki, tukarudi nyumbani tukiwa tumeshindwa na namba. Mtu aliyeshindwa na namba hulala. Sisi tumeshindwa na boksi lililofungwa.

Seneta Raphael Warnock, mchungaji wa Ebenezer, kanisa alimohubiri Martin Luther King, alikuandikia Septemba ile ile kukueleza wasiwasi wake juu ya jinsi saini hizi zitakavyoshughulikiwa. Kama barua ya seneta, tena mchungaji, tena wa chama chako, haikuifikisha hesabu mwisho, sijidanganyi juu ya barua ya mkalimani wa Clarkston. Nakuandikia nikijua kwamba una jiji la watu nusu milioni la kulitazama, una mabomba ya maji, una bajeti, una wageni wa Kombe la Dunia. Sidai muda wako. Natumia wangu.

Niruhusu nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa kooni kuliko mengine yote. Nyarugusu tulikuwa na siku za uhakiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna aliyelala. Tuliamka gizani, tukawaogesha watoto, tukatoa karatasi ya mgao kwenye mfuko wa nailoni tulimoihifadhi isilowe, tukapanga mstari familia kwa familia chini ya turubai. Mgonjwa alibebwa. Bibi asiyeweza kusimama aliletwa kwenye kiti cha plastiki kilichoshikwa pande mbili. Mtoto aliyezaliwa jana alinyanyuliwa juu ili karani amwone, na karani alinyanyua kichwa, akamwona, akaandika. Kidole kiliwekwa kwenye mashine. Kama alama imefutika kwa sababu ya jembe, kilipanguswa kwa kitambaa, kikawekwa tena. Asiyehesabiwa hakupata unga, maharage wala mafuta. Warundi walipoingia mwaka 2015 kambi ikapita watu 100,000, idadi inayokaribiana na ya saini zako, Mheshimiwa. Nao wakahesabiwa. Hatukuwa wapiga kura wa mtu yeyote pale. Hatukuwa hata wananchi. Wafanyakazi waliotuhesabu walichoka, walikasirika, walitukaripia, na jioni walikuwa na namba.

Ndipo nikaletwa Georgia. Tulipofundishwa masomo ya uraia nilielezwa kuhusu John Lewis, mbunge wa jiji hili kwa zaidi ya miaka 30, ambaye Machi 1965 alipasuliwa kichwa kwenye daraja la Selma kwa ajili ya haki ya kuandikishwa na kuhesabiwa. Barabara yenye jina lake inapita katikati ya jiji lako. Niliisadiki hadithi ile. Bado naisadiki, na ndiyo sababu ya barua hii.

Yapo mengine ambayo sitayarefusha, kwa kuwa mbele yako wamekwisha kuyasema watu wanaojua kuliko mimi. Msitu ule ni ardhi ya Wamuscogee waliofukuzwa, na baadaye ukawa shamba la gereza la jiji. Januari 2023 kijana aliyeitwa Manuel Esteban Paez Terán, aliyekuwa amepiga hema humo kupinga ujenzi, aliuawa na askari wa jimbo, na askari mmoja akajeruhiwa kwa risasi. Mama wa kijana huyo bado yupo. Kwa sisi tuliokimbia vita, mlio wa bunduki kutoka upande wa msitu si jambo la kuzoeleka, na majirani wa uwanja wa shabaha uliokuwepo pale tangu zamani walilisema hilo miaka mingi kabla yangu.

Aprili 2025 ulikata utepe, kituo kikafunguliwa. Mwaka huo huo wananchi wa Atlanta wakakuchagua tena. Nakupongeza kwa yote mawili kwa dhati, na nakuomba uamini kwamba ombi langu haligusi hata tofali moja la jengo lile. Siombi kibomolewe. Siombi fedha zirudi. Siombi msamaha, wala siombi mtu yeyote afukuzwe kazi. Wewe ni mhandisi wa kemia wa Georgia Tech. Umefundishwa kwamba kipimo kisichosomwa si kipimo. Wewe ni shemasi. Unajua sadaka ya kanisani huhesabiwa mbele ya watu wawili hata ikiwa sarafu tatu. Na umezoea kuwaambia watu kwamba Atlanta ni kazi ya kundi. Nimelichukua neno hilo kama lilivyo. Ninajitolea kufanya sehemu yangu ya kazi.

Ombi lenyewe, Mheshimiwa Meya, Mhandisi, Shemasi, Mwana wa Adamsville, ni hili. Mwaka 2021 Baraza lilikubali kuipangisha ardhi ile kwa Foundation kwa dola 10 kwa mwaka, kwa muda wa hadi miaka 50. Sijawahi kuona kodi ya haki kama ile kwa mpangaji. Kwa heshima na taadhima, naomba jiji linipangishe maboksi ya saini kwa masharti yale yale: dola 10 kwa mwaka, miaka 50. Sihitaji ekari 85. Nahitaji rafu yalipowekwa, meza moja ndefu na taa. Pamoja na barua hii nimeambatanisha hawala ya posta ya dola 10, kodi ya mwaka wa kwanza, ili kusiwe na mashaka juu ya uwezo wangu wa kulipa. Katika jengo ninaloishi dola 10 hazilipi hata faini ya kuchelewesha kodi kwa siku moja, kwa hiyo unaweza kuona kwamba nimeithamini bei yenu.

Tutakaohesabu tumekwisha kujipanga. Wapo akina mama wa kwaya yetu, waliowahi kusimamia mgao wa unga Nyarugusu na ambao hakuna kilo iliyowahi kuwapotea. Wapo wanafunzi. Nimewaalika pia wale walionikatalia pale Five Points, kwa kuwa hesabu inayofanywa na upande mmoja haina thamani. Wawili wamekubali, na mmoja wao amesema atakuja ili ahakikishe hatuibi. Nimemshukuru, namhitaji sana. Kila karatasi itasomwa na watu wawili wasiokubaliana. Tutailinganisha na daftari la wapiga kura kama sheria inavyotaka, na tutakayoikataa tutaiandikia sababu.

Kwa kuwa maboksi ni mali ya thamani, tunaomba ulinzi wa polisi wawili, na tungependelea sana wawe wahitimu wa kituo kipya. Jiji limelipa dola milioni 67 ili wafundishwe vizuri, nasi tungefurahi kuona matunda. Kumlinda raia anayehesabu saini za raia wenzake ni kazi ya polisi. Kama haimo katika mtaala wao, darasa letu lipo wazi kwao bila ada, na viti tutaleta wenyewe.

Namba itakapopatikana itakuwa mali ya mpangaji, yaani yetu, kama vile kituo kilivyojengwa na mpangaji kisha jiji likakikodi kwake. Kwa utaratibu mliokwisha kuuzoea, jiji lingeweza kuikodi namba hiyo kutoka kwetu kwa dola milioni 1.2 kila mwaka kwa miaka 30. Kamati yetu imelijadili hilo kwa uzito na ikaamua kutolitoza jiji chochote. Mtapewa namba bure, imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na kusainiwa na wahesabuji wote pamoja na anwani zao kwa kirefu.

Tunachoomba badala ya fedha ni nafasi yetu kwenye orodha ya wasemaji mbele ya Baraza. Dakika mbili ni nyingi mno. Namba yenye tarakimu sita husomwa kwa sekunde tano, kumi ikisomwa na kwa Kiswahili. Muda wote utakaobaki tutaurudisha kwa Waheshimiwa Madiwani, wautumie wapendavyo, hata wakiamua kuutumia kupiga kura ya 12 kwa 3.

Usipojibu nitaelewa kabisa. Hawala ya posta haina haraka, na mkataba wa miaka 50 unavumilia barua kuchelewa. Hata hivyo, ili nisiisumbue ofisi yako kwa simu, nitafika kwenye mapokezi ya jiji kila Jumatatu saa tatu asubuhi kuulizia ufunguo. Nitakuwa nimevaa tai, na nitawaamkia walinzi kwanza.

Wako mtiifu, kwa heshima zote zilizotangulia na zile nilizozisahau,

Mpangaji mtarajiwa,
Clarkston, Kaunti ya DeKalb.

Kiambatanisho: hawala ya posta ya dola 10.